Mama Otilia Anaambiwa Arudie

Otilia Mardones alikuwa muoga, na pale kilimani Lota hakuna aliyejisumbua kumfichia. Aliogopa radi, aliogopa mbwa, aliogopa ngazi za kushukia sokoni, aliogopa simu ikiita mara mbili mfululizo. Mjukuu wake alipomwingiza kwenye kundi la WhatsApp la majirani, alikaa wiki nzima kimya, halafu mtu akatuma picha ya wingu jeusi na yeye akaandika maneno mawili tu: "Fungeni madirisha." Basi imekuwa ndo hivyo. Tone la mvua likidondoka, vijana wanaandika fungeni madirisha, kasema Mama Otilia. Na yeye, badala ya kukasirika, anaenda kufunga.

Chanzo chake kinajulikana. Lota, hapa Chile, ni mji wa makaa ya mawe, na mgodi wenyewe ulipita chini ya bahari. Honi ya mgodi ililia kila zamu ilipobadilika. Ikilia saa isiyo yake, ujue mgodi umemeza watu. Otilia alikuwa na miaka sita ilipolia saa nne asubuhi. Mama yake aliacha sufuria ya maharage motoni akatoka bila viatu, na wanawake wote wa laini ile ya nyumba wakatoka vivyo hivyo, wakashuka mlima bila kusema neno. Hicho ndicho alichobaki nacho kichwani: miguu mingi, na hakuna sauti. Baba yake alitoka hai. Mjomba hakutoka. Toka siku hiyo tumbo la Otilia likawa na honi yake yenyewe, nayo haikufuata ratiba ya mtu.

Akakua nalo hivyo hivyo. Akaolewa na Abelardo, mchimbaji mpole aliyeongea kidogo na kukohoa sana, akazaa naye mabinti wawili, akamzika mapafu yalipojaa vumbi. Maisha yake yote alishona. Kola za mashati, magoti ya suruali, sare za shule za nusu ya mlima. Fundi kwelikweli. Nadhani kitu pekee ambacho hakukiogopa duniani kilikuwa sindano.

Nyumba zetu za kampuni ni laini ndefu za mbao, ukuta mmoja watu wawili. Upande wa pili wa ukuta wa Otilia alikaa Nivaldo Arriagada. Huyu alichimba makaa mchana, jioni akaimba kwa gitaa kwenye ukumbi wa chama cha wafanyakazi, na nyimbo zake zilikuwa na majina ya watu. Msimamizi aliyekuwa anapunja kipimo cha mkokoteni wa makaa alitajwa kwa jina na la ukoo, na ubeti wa pili ukaeleza mkewe anamwitaje wakiwa wawili. Watu walicheka mpaka wanashika mbavu. Otilia alisikiliza ukutani huku anashona, na kila wimbo ulipokaribia jina la mtu alibana macho.

"Jirani," alimwambia siku moja uani, "huwezi kuimba kuhusu maua?"

"Maua gani, Otilia? Hapa hata maua yanakohoa."

Nivaldo alikufa zamani, mwaka themanini na nane. Mwaka 2018 ndo wakaja vijana wawili kutoka Santiago kutengeneza filamu ya maisha yake. Mmoja aliitwa Danae, mwongozaji, binti wa buti za njano aliyeuliza maswali kama daktari. Mwenzake Ulises alishika mitambo ya sauti. Jitu kubwa, la upole, hedifoni shingoni muda wote kama mkufu. Walizunguka mlima wiki mbili. Wakafika jikoni kwa Otilia, akawatengea mate, chai yetu ya majani machungu inayonywewa kwenye kibuyu.

"Mama Otilia, tumeshaongea na watu wengi," Danae alisema. "Bi Rudelinda ametupa saa mbili nzima."

"Rudelinda hakosi maneno."

"Katuambia yote. Kwamba wanajeshi walikuta daftari la nyimbo la Nivaldo hapa kwako, wakasoma majina, na jina la mume wake Heriberto lilikuwemo. Ndo wakaja kumchukua. Na Nivaldo mwenyewe alisema hivyo mpaka anakufa. Huo ndo uti wa mgongo wa filamu." Danae akasogeza kiti. "Sasa aliyeona daftari likichukuliwa ni wewe tu. Tunataka utusimulie. Dakika tano."

Otilia alikuwa anamimina maji ya moto kwenye kibuyu. Akaendelea kumimina.

"Mama, maji," Ulises alisema taratibu. "Mama. Yanamwagika."

Shida ya Otilia ilikuwa moja, na tuiseme sasa hivi tusizungushane: hakuna mwanajeshi aliyewahi kuligusa daftari lile. Alilichoma yeye.

Ilikuwa Septemba ya mwaka sabini na tatu, majenerali wamechukua nchi, redio inapiga gwaride asubuhi mpaka jioni. Nivaldo alimpitishia daftari juu ya uzio mchana kweupe, limefungwa kwenye kipande cha kitambaa cha mpira cha kutandikia meza, na kamba juu. "Nitunzie," alisema. "Nani atakushuku wewe? Unaogopa hata kuku." Otilia alilipokea kwa sababu aliogopa kukataa. Kesho yake Nivaldo akakamatwa getini mgodini.

Alhamisi malori yakapanda mlima. Wanajeshi wakaanza nyumba ya kwanza ya laini, magodoro yanatupwa nje, mtu analia. Otilia alikuwa nyumba ya kumi na moja. Alilitia daftari kwenye beseni la unga, akalifunika kwa donge na kitambaa, akatoka nalo kiunoni kwenda kwenye tanuri. Kwetu kila laini ina tanuri moja la matofali, wanawake wanaoka kwa zamu, na mwanamke mwenye beseni hata shetani hamtazami mara mbili. Moto ulikuwa umeshawashwa, wenyewe wamekimbilia majumbani. Zilikuwa hatua arobaini. Hatua ya ishirini mwanajeshi kijana akageuka akamtazama.

"Mkate," Otilia alisema. Hakuna aliyemuuliza.

Yule kijana akaitikia kwa kichwa. Otilia akalisukuma daftari ndani, kitambaa, kamba na yote, akasimama pale mpaka kurasa zikajikunja zikawa nyeusi. Wanajeshi walipoingia kwake walimkuta analia na unga mpaka kwenye nyusi. Waliondoka na redio tu.

Mpaka hapo hakuna wa kumlaumu. Wiki ile nusu ya nchi ilikuwa inachoma vitabu. Kosa lilikuja baada ya miezi saba, Nivaldo aliporudi kutoka kifungoni, mkono wa kulia haufungi vizuri, akamuuliza pale pale kwenye uzio: "Daftari langu?" Mle mlikuwa na nyimbo ishirini na moja ambazo hazikuandikwa mahali pengine popote. Otilia aliutazama ule mkono. Akaona bora aseme kitu ambacho hakitamwangukia yeye.

"Walilichukua."

"Nani?"

"Wanajeshi."

Alidhani kachagua uongo mwepesi. Hakujua. Oktoba, Nivaldo akiwa kifungoni, walikuja watu wakamchukua Heriberto, mume wa Rudelinda, akiwa mezani na kijiko mkononi, na hajaonekana tena mpaka leo. Na ndani ya daftari kulikuwa na wimbo wa Heriberto, golikipa wa timu ya chama, jina lake limeimbwa mara sita. Nivaldo akajumlisha. Walilichukua daftari, wakalisoma, wakamfuata. Alitoka pale uziani, akaenda moja kwa moja kwa Rudelinda, akapiga magoti kizingitini, akamwambia: wimbo wangu ndo umemuua. Rudelinda akamwagia ndoo ya maji machafu.

Baada ya hapo mtu akaanza kuharibika. Alikunywa. Alisimama uwanjani na gitaa, akaanza nyimbo zake za zamani, na akifika kwenye jina la mtu mdomo unafunga, anabaki anapiga nyuzi peke yake huku watu wanaangalia viatu vyao. Nyumbani alirudi kuongea na ukuta. Upande wa pili wa ukuta huo alikuwepo Otilia na sindano yake. Alisikia kila neno. Mara ngapi aliweka sindano chini, akafika mlangoni, akashika kitasa? Na kila mwaka uliopita kitasa kilizidi kuwa kizito, kwa sababu sasa ingebidi aeleze na huo mwaka. Asubuhi moja ya Julai wakamkuta Nivaldo kwenye maji, chini ya gati la makaa. Mazikoni walikuwa watu wanane na dada yake, Clotilde. Rudelinda alituma ujumbe kwamba ana nguo za kufua. Mpaka leo Clotilde, mzee wa watu, haji duka la juu, manake Rudelinda akimwona anatema mate chini.

Ndo hivyo. Otilia akinyamaza, filamu itasema milele, kwa picha na muziki, kwamba Nivaldo aliimba mwenzake akafa. Akisema, mlima mzima utajua kwamba kwa miaka kumi na minne alimsikiliza mtu akivunjika nyuma ya mbao, huku dawa ya mtu huyo iko mdomoni mwake mwenyewe.

Danae alipanga kupiga picha Jumanne, tanurini, eti mwanga wa asubuhi ni mzuri. Siku tatu zilizotangulia Otilia hakuwa mtu. Alimpigia binti yake wa Concepción akasema anakuja kukaa huko mwezi mmoja, akapanga begi, akafika nalo hadi kituoni, akaliona basi lenyewe linavyohema, akarudi na begi. Aliliogopa basi kuliko kamera, na kamera aliiogopa kuliko kifo. Jumatatu alimwambia Danae ana mafua. Danae akamletea limau.

Jumanne ilikuwa zamu ya Otilia ya tanuri. Akafagia majivu, akatupa konzi ya pumba ndani kupima joto, pumba zikawa za kahawia polepole, sawasawa. Mikono inafanya kazi yenyewe, kichwa hakipo. Ulises akambania maiki ndogo kifuani, chini ya shali ya sufi. Upepo unatoka baharini. Danae akakaa kwenye gogo.

"Siku ile ya malori, mama. Ilikuwaje?"

Otilia akafumba macho akasema yote. Kwa pumzi moja, haraka, kwa sauti ya chini kama mtu anayekiri kwa padri mwenye haraka ya kwenda kula. Beseni, hatua arobaini, mkate, moto, uzio, uongo, ukuta, gati. Alipomaliza kifua kilikuwa chepesi, chepesi cha ajabu, kama mtu aliyetapika samaki mbovu. Mdomo wa Danae ulikuwa wazi.

Ulises akavua hedifoni sikio moja. Alionekana kama mtu anayetaka kulia.

"Samahani sana, mama."

"Nini?"

"Shali. Ulikuwa unatetemeka, sufi ikawa inasugua maiki. Nilichonacho hapa ni kama panya kwenye gunia la mahindi." Akasikiliza tena. "Nimepata neno 'mkate'. Na 'Mungu anisamehe'. Katikati hamna kitu."

Otilia akawageukia wote wawili.

"Si mmenisikia nyie wawili? Andikeni."

"Haiandikwi, mama," Danae alisema. "Lazima itoke kwako. Nikiisema mimi watasema nimetunga. Unaweza kurudia?"

Na hapo ndipo angeweza kukataa. Alikuwa tayari na sababu tatu. Ulises akawa anamhamishia maiki nje ya shali, vidole vinene vinahangaika na kibanio, na katika kuhangaika huko Rudelinda akatokea kwenye kona na trei yake kiunoni, nyuma yake wanawake wawili wa laini. Rudelinda alikuwa na miaka sabini na mitatu na hakuwahi kuogopa kitu. Zamani zile alipeleka picha ya Heriberto kwenye geti la kambi ya jeshi kila wiki, akawatukana walinzi mpaka mama zao.

"Bado tu? Donge langu limeshaumuka, halingoji sinema."

"Dakika chache, Bi Rudelinda," Danae alisema. "Labda mngetupisha kidogo."

"Nikupishe kwenye tanuri langu? Binti, nilioka hapa mama yako hajazaliwa." Akaweka trei juu ya kuni. "Endeleeni. Otilia kwenye kamera, hiyo siikosi. Toa sauti, shoga. Usije ukatuambia tufunge madirisha."

Wale wanawake wawili wakacheka. Otilia hakucheka. Honi ya tumboni ilikuwa inalia mpaka masikio yameziba. Aliupima mlango wake kwa macho: hatua arobaini, zile zile. Akamwona Danae anatikisa kichwa kidogo, kama anasema, basi, mama, tuache, siku nyingine. Njia ya kutokea ilikuwa wazi kabisa.

"Nilichome mimi," Otilia alisema. Maneno yalitoka vibaya. Akameza mate akaanza tena. "Lile daftari. Nililichoma mimi. Humu."

Safari hii alisema polepole, macho kwenye mdomo wa tanuri, kwa sababu akimtazama Rudelinda angekimbia. Alisema siku, alisema saa. Alisema alivyodanganya uziani na kwa nini. Alisema alisikia kila kitu ukutani. Wanawake waliacha kucheka kwenye neno la tatu. Alipomaliza, Ulises aliinua kidole gumba taratibu, kisha akaona aibu akakishusha.

"Siku gani?" Rudelinda aliuliza.

"Alhamisi. Ile ya malori."

Rudelinda akakaa juu ya kuni, karibu akalie trei yake mwenyewe.

"Mchana ule nilioka mimi. Wanajeshi walipoondoka. Mkate ukatoka unanuka mpira. Nilimtukana Hortensia, aliyekuwa amewasha moto, mbele za watu, nikamwambia kachoma viatu vya mumewe." Akaigusa trei yake. "Heriberto aliula. Akasema leo tunakula tairi, akafunga vipande vingine akashuka navyo mgodini."

Rudelinda akageukia mdomo wa tanuri.

"Kwa hiyo hawakulisoma."

"Hawakulisoma."

"Na yule mtu alikuja akapiga magoti mlangoni kwangu."

"Ndiyo."

"Na wewe ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua, Rudelinda."

"Basi nani alimtaja Heriberto?"

Aliuliza kama mtu anayeuliza saa. Aliwatazama mmoja mmoja, Danae, Ulises, wanawake wale.

"Miaka arobaini na minne nilikuwa na wa kumchukia," Rudelinda alisema. "Namjua sura, najua na kaburi lake. Sasa kwa umri huu nianze kutafuta mwingine?"

Otilia alisogea mbele hatua moja, mikono chini. "Nipige basi."

"Nikikupiga utakufa. Halafu nani atamwambia Clotilde?" Rudelinda akasimama, akajipangusa unga. "Vaa koti. Twende."

"Kesho."

"Kesho utakuwa umehamia Argentina. Leo. Ataisikia kwetu, hataisikia ukumbini kwenye giza na watu wanakula karanga." Akawageukia Danae na Ulises. "Ingizeni mikate yangu. Na yake."

Danae alinyanyua kamera. Rudelinda alimtazama tu, na kamera ikarudi chini.

Walishuka ngazi, zile ambazo Otilia alikuwa anazishuka kwa makalio kukinyesha. Rudelinda mbele, mgongo umenyooka. Hawakuongea. Clotilde alikaa chini kabisa, karibu na kanisa, mlango wa kijani. Otilia alifika pale akiwa hana mate mdomoni na moyo unamgonga kwenye meno. Alingoja Rudelinda agonge, maana Rudelinda ndo anagonga milango katika mlima huu.

Rudelinda aliinua mkono. Mkono ukabaki hewani.

"Nitamwambia nini?" alisema.

"Sijui."

"Nimemtemea mate huyu. Juzi tu nimemtemea mate, pale kwenye duka la samaki. Hakunijibu." Mkono ulikuwa unatetemeka, na Rudelinda aliutazama kwa mshangao, kama mkono wa mtu mwingine umeshonewa pale. "Otilia, sijisikii vizuri. Miguu. Ni nini hii?"

Otilia aliijua. Alimtazama mwenzake: rangi imetoka, jasho juu ya mdomo, macho yanatafuta njia ya kurudi juu. Rudelinda alikuwa mgeni kabisa kwenye nyumba hii ya hofu ambayo Otilia kaishi miaka sabini, anajua kila chumba, anajua na ngazi inayolia ukikanyaga.

"Pumua kwa pua," alimwambia. "Haitaondoka, lakini utasimama."

Akamshika kiwiko, akagonga mwenyewe. Ndani, ndala zikaanza kuja taratibu sakafuni.

"Nani?" Clotilde aliuliza.

"Ni mimi, Otilia wa juu," alisema, na akaona sauti yake inatosha. "Nipo na Rudelinda. Tufungulie, tafadhali. Ni habari ya Nivaldo."